Nairobi Inapopanda Juu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Wafanyakazi na Fedha za Kaunti

Maswali haya nimeulizwa katika mikutano ya wakazi, kwenye vikao vya bajeti, na mara nyingine ndani ya matatu, mtu akiona nimebeba makaratasi ya makadirio ya kaunti. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu ana kwa ana.

Mnaposema jiji "linapanda juu", mnamaanisha nini hasa?

Aliyeijua Kilimani ya miaka ya tisini anakumbuka nyumba moja ndani ya nusu ekari, ua wa michongoma, mzee wa geti na mbwa wawili. Ploti ileile leo ina ghorofa kumi na tano na familia zaidi ya mia moja. Nenda Kileleshwa, Parklands, Lavington au Westlands, ni hivyo hivyo. Mashariki mwa jiji mambo yalianza mapema zaidi: Pipeline, Huruma na Zimmerman zilijaa ploti za ghorofa sita, saba, zimebanana hadi mtu wa dirisha hili anaweza kumpa chumvi wa dirisha lile. Sasa hata mitaa iliyojengwa zamani na halmashauri ya jiji, kama Pangani, imebomolewa kupisha majengo marefu ya nyumba za bei nafuu.

Eneo la jiji halijaongezeka. Ni kilomita za mraba 696, na kati ya hizo 117 ni Mbuga ya Wanyama. Pande nyingine tumepakana na Kiambu, Machakos na Kajiado. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika nyumba zipatazo milioni 1.5. Wanaokuja baada yao watakaa juu ya vichwa vya waliopo, maana ardhi tupu imebaki chache sana.

Na hilo linahusu nini wafanyakazi wa kaunti?

Linawahusu kila siku. Ukisoma Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 utaona kazi zilizopewa kaunti: zahanati na hospitali za kaunti, zimamoto, taka, barabara za kaunti, mipango ya ardhi, maji na majitaka, elimu ya chekechea, leseni za biashara. Hakuna hata moja inayofanywa na karatasi. Ramani ya jengo huidhinishwa na mtu, msingi hukaguliwa na mtu, taka hubebwa na mtu, na moto ukiwaka ghorofa ya kumi na moja, ni mtu anayepanda na mpira wa maji.

Tatizo ni jinsi tulivyozoea kuwagawa watu hao. Nairobi ina kaunti ndogo 17 na wadi 85, na mazoea ni kila eneo kupata afisa wake, kana kwamba maeneo yanalingana. Hayalingani. Katika sensa ya 2019, Mathare ilikuwa na zaidi ya watu 68,000 katika kila kilomita ya mraba. Lang'ata, kwa sababu ya mbuga, ilikuwa na chini ya 1,000. Afisa mmoja wa afya ya umma hapa na mmoja pale si usawa, hata kama kwenye jedwali la ajira wanaonekana sawa.

Tazama wahamasishaji wa afya ya jamii, wale wanaotembea nyumba kwa nyumba na begi. Utaratibu wa kitaifa ni mhamasishaji mmoja kwa nyumba mia moja hivi. Kijijini, nyumba mia moja ni vilima na mito. Pipeline, nyumba mia moja ni jengo moja. Ukiongeza majengo kumi barabara moja, umeongeza kazi ya watu kumi, na hakuna mpaka wa wadi uliobadilika wala ofisi yoyote iliyopata taarifa kwamba mahitaji yamepanda.

Kwa hiyo ninachowaambia maafisa wa mipango kila nikipata nafasi ni hiki: hesabuni milango. Ekari hazina homa, na hazitoi taka.

Ni wafanyakazi gani wanaohitajika zaidi jiji linapopanda?

Wakaguzi wa majengo wako mbele ya wote. Aprili 2016 jengo la ghorofa sita liliporomoka Huruma usiku wa mvua kubwa na kuua watu wapatao hamsini. Lilikuwa kando ya mto, na tayari lilikuwa limetajwa kuwa hatari. Kujua kwamba jengo ni bovu na kuwa na mtu wa kusimama mlangoni na kulifunga ni mambo mawili tofauti. Mkaguzi anayetakiwa kufuatilia saruji inapomwagwa, ghorofa baada ya ghorofa, hawezi kuwa na maeneo ya ujenzi mia mkononi na gari moja wanalogawana watano.

Wa pili ni zimamoto. Vituo vyetu vilipangwa kwa jiji fupi. Kile cha Tom Mboya Street kimezungukwa na msongamano wa magari ambao hauondoki hata king'ora kikilia. Jengo refu linahitaji ngazi ndefu, pampu zenye nguvu na, zaidi ya vyote, askari wa zimamoto waliofunzwa kuingia humo. Gari la zimamoto huweza kununuliwa kwa tenda moja. Askari hufunzwa kwa miaka.

Wa tatu ni watu wa majitaka, na hapa naomba nikae kidogo.

Mwaka juzi chemba ilifurika barabarani kwetu. Ploti tatu za juu zilikuwa zimeunganishwa kwenye bomba lililotandazwa wakati mtaa mzima ulikuwa na nyumba za familia moja moja. Maji meusi yalishuka hadi kibanda cha mama mboga, akahamisha sukuma wiki zake juu ya kreti za soda. Siku ya tatu walikuja vijana wawili wa kandarasi na mzee mmoja. Vijana walikuwa na simu yenye ramani, na ramani ilisema bomba linapita upande wa kushoto. Mzee hakuitazama. Alitembea polepole akigongagonga lami kwa chuma, akasimama mbele ya geti la jirani, akagonga tena, akainama kusikiliza. "Hapa," akasema. Walichimba, kifuniko kikaonekana chini ya lami kama futi moja. Nilimuuliza amejuaje. Akasema aliajiriwa na jiji akiwa kijana, na bomba hilo alilifungua mara ya kwanza kabla ya wale vijana kuzaliwa. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu. Nilimuuliza nani anamfuata, nani anajifunza kwake. Akawatazama wale vijana wawili waliokuwa wanakunja vyuma, akasema mkataba wao unaisha mwezi huo.

Tangu siku ile, mtu akiniambia upangaji wa wafanyakazi ni jambo la makaratasi, namfikiria yule mzee.

Kustaafu ni tatizo kubwa kiasi hicho?

Ndiyo. Kaunti zilipoanza 2013, Nairobi iliwarithi wafanyakazi wa iliyokuwa halmashauri ya jiji. Wengi walikuwa wameajiriwa miaka ya themanini na tisini. Umri wa kustaafu katika utumishi wa umma ni miaka 60, kwa hiyo mtu aliyeajiriwa 1988 akiwa na miaka 23 tayari amefika ukingoni. Hili si ajali. Tarehe ya kuzaliwa ya kila mfanyakazi iko kwenye faili lake, na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti inaweza kujua leo ni mafundi wangapi wataondoka 2028. Kinachotakiwa ni kuwaweka vijana kando yao miaka miwili mitatu kabla, na kulipa mishahara miwili kwa kipindi hicho. Kwenye karatasi inaonekana kama gharama ya bure, lakini kuchimba lami upande usiofaa, mara kumi kwa mwezi, ni ghali zaidi.

Juu ya hayo, wafanyakazi hawa wamepita misukosuko. Februari 2020 majukumu makubwa, yakiwemo afya, usafiri, ujenzi wa umma na mipango ya ardhi, yalihamishiwa Serikali ya Kitaifa, na maelfu wakawa chini ya Nairobi Metropolitan Services, ofisi iliyoundwa na Serikali ya Kitaifa. Mwaka 2022 wakarudi. Katika kuhamahama huko, nani ana kazi gani na anaripoti kwa nani lilikuwa swali gumu hata kwa wenyewe.

Lakini ghorofa mpya si zinaletea kaunti pesa nyingi?

Zinaleta, mara moja. Hapa ndipo hesabu yote ilipo.

Mjenzi akipeleka ramani hulipa ada za kuidhinishiwa, na kwa jengo kubwa ni mamilioni. Mwaka wa ujenzi mwingi, mapato ya idara ya mipango hupanda na kila mtu hufurahi. Lakini ada hiyo hailipwi tena. Jengo litasimama miaka hamsini, litatoa taka kila asubuhi, watoto wake watahitaji chekechea na chanjo, na barabara yake itachimbika. Jengo limelipa siku moja, nalo litahudumiwa maisha yake yote. Ukiajiri watu wa kudumu kwa kutegemea ada za ramani, mwaka ambao benki zitabana mikopo na wajenzi wakalala, mishahara itakosekana, maana mshahara haungoji soko lichangamke.

Kinachopaswa kulipia huduma ya kila siku ni pesa za kila mwaka, yaani reti, ile kodi ambayo mwenye ardhi huilipa kaunti. Hebu tupige hesabu kwa mfano. Chukua ploti ya nusu ekari Kilimani, tuseme thamani ya ardhi ni shilingi milioni 200. Kwa kiwango cha asilimia 0.115 ya thamani ya sasa, ambacho kaunti ilikitangaza ilipokuwa ikiachana na orodha ya zamani ya thamani za ardhi, reti ni shilingi 230,000 kwa mwaka. Ikiwa juu ya ploti hiyo kuna nyumba moja, mwenyewe analipa 230,000. Ikiwa kuna nyumba 120, ploti nzima inalipa 230,000 zilezile, kwa sababu kinachokadiriwa ni ardhi, si jengo. Gawa kwa 120: kila nyumba inachangia chini ya shilingi 2,000 kwa mwaka, kama 160 kwa mwezi. Hiyo ni karibu nauli ya matatu ya siku moja. Kwa pesa hizo tunataka barabara, taa, zimamoto, zahanati na mkaguzi.

Tukikadiria watu watatu kila nyumba, watu 360 wamehamia mahali pa watu watano, na kaunti haijapata hata shilingi moja ya ziada ya kila mwaka kutoka kwenye reti.

Kwa nini reti inatozwa kwa ardhi tu?

Ni utaratibu wa zamani, na si wa kijinga. Ukitoza ardhi bila kutoza jengo, mwenye ploti tupu katikati ya jiji analipa sawa na aliyejenga, kwa hiyo hana faida ya kuikalia akingoja bei ipande. Mimi naupenda kwa sababu hiyo. Sitaki mtu aadhibiwe kwa kujenga nyumba watu wakae.

Kilichoharibu kazi ni muda. Kwa takriban miaka arobaini Nairobi ilitoza reti kwa orodha ya thamani iliyotayarishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilimani ya orodha ile ilikuwa mtaa wa bustani. Bei ya ardhi imepanda mara nyingi kupita kiasi cha kueleza, mwenye ardhi ametajirika, na orodha ikabaki inamtambua kama alivyokuwa wakati shilingi mia moja inajaza kikapu sokoni. Orodha mpya ilipotayarishwa ilikutana na upinzani, na sehemu ya lawama ni kuchelewa kwenyewe: ukikaa miongo minne bila kukadiria upya, siku ukikadiria bili hupanda kwa kishindo na wazee waliostaafu wenye nyumba za urithi hushtuka kwa haki kabisa.

Mambo mawili yanaweza kusaidia. Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020 inaruhusu kila mwenye nyumba ndani ya ghorofa kuwa na hati yake, kwa hiyo anaweza kutozwa yeye mwenyewe badala ya kufukuzana na kampuni ya ujenzi iliyokwisha kuuza na kuondoka. Nayo Sheria ya Kitaifa ya Reti ya 2024 imechukua nafasi ya sheria za zamani. Kutekeleza zote mbili kunahitaji, tena, watu: wakadiriaji, wapima ardhi, makarani wa kusafisha orodha. Idara inayokusanya pesa ikikosa watu, idara zote hukosa.

Pesa nyingine zinatoka wapi?

Nairobi hupata mgao wa taifa, takriban shilingi bilioni 20 kwa mwaka. Mapato yake yenyewe, yaani reti, maegesho, leseni za biashara, ada za ujenzi, mabango na kodi za nyumba za kaunti, yalizidi bilioni 12 katika mwaka wa fedha wa 2023/24. Malengo huwekwa juu zaidi ya hapo, na hapo ndipo mtego ulipo: bajeti huandikwa kwa lengo, watu huajiriwa na kandarasi hutolewa kwa lengo, halafu pesa huja pungufu. Mgao wenyewe mara nyingi huchelewa kufika kutoka Hazina ya Kitaifa.

Mgao hutazama wakazi. Mtu anayelala Ruiru au Kitengela na kushinda Nairobi mchana, akitumia barabara, vyoo na taa zetu, anahesabiwa kwao. Ndiyo sababu moja ya mimi kutaka watu wajengewe ndani ya jiji: wahesabiwe hapa wanapotumia.

Basi kaunti iajiri tu. Kuna kizuizi gani?

Kanuni za usimamizi wa fedha za kaunti za 2015 zinasema mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato yote. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Kwa mapato ya bilioni 32, yaani mgao na mapato yake yenyewe pamoja, asilimia 35 ni bilioni 11.2, na humo mna madaktari, wauguzi, askari wa kaunti, walimu wa chekechea, makarani, wote. Nairobi ni miongoni mwa kaunti ambazo zimekuwa zikivuka kikomo hicho.

Juu yake kuna bili ambazo hazijalipwa. Deni la Nairobi kwa wakandarasi, wanasheria na wengine limewahi kupita shilingi bilioni 100, kubwa kuliko la kaunti nyingine yoyote. Kila mwaka mpya wa fedha unaanza ukiwa tayari umeliwa na miaka iliyopita.

Kwa hiyo kusema "ajirini" bila kusema pesa zitoke wapi ni kuwadanganya vijana wanaopanga foleni na bahasha za vyeti. Lakini pia si kweli kwamba hakuna la kufanya. Kikomo ni asilimia ya mapato: mapato ya kudumu yakikua, nafasi ya kuajiri inakua nayo. Na ndani ya mishahara hiyohiyo, swali la nani yuko wapi halijajibiwa vizuri. Ukipita ofisi fulani utakuta makarani wanne kwenye meza mbili, na mtaa mzima wa ghorofa unahudumiwa na mkaguzi mmoja. Kumfunza karani mwenye akili awe msaidizi wa mkaguzi au mkusanyaji wa takwimu ni nafuu kuliko kuajiri mpya, na kunampa yeye kazi yenye maana.

Je, kandarasi za muda mfupi na vibarua si jibu?

Kwa kazi fulani, ndiyo. Kufagia, kuzibua mitaro kabla ya mvua za Machi, kupanda miti: hizi zina msimu. Vijana wapatao 3,500 wa Green Army, kikosi cha usafi, waliochukuliwa na utawala wa Gavana Johnson Sakaja wameonekana barabarani, na barabara nyingi ni safi zaidi kwa sababu yao.

Lakini mkaguzi wa majengo hawezi kuwa kibarua. Anayeogopa kwamba mkataba wake hautafanywa upya mwezi ujao hatathubutu kumwandikia mjenzi tajiri amri ya kusimamisha kazi. Kazi inayohitaji kusema "hapana" inahitaji ajira imara na mshahara unaofika kwa wakati.

Maji na majitaka si kazi ya kampuni ya maji?

Ni yake. Kampuni ya Maji na Majitaka ya Jiji la Nairobi inamilikiwa na kaunti, na hulipa watu wake kutoka bili zetu. Sehemu kubwa ya maji yetu hutoka bwawa la Ndakaini, na mgao wa maji kwa siku za wiki ni jambo kila familia inalijua. Majengo mengi marefu yamechimba visima vyao. Tatizo ni kwamba mwenye kisima hanunui maji ya kampuni kwa wingi, lakini maji machafu yote anayarudisha kwenye bomba la kampuni.

Kwa maelezo haya, kujenga juu ni hasara?

Hapana, na naomba nisieleweke hivyo. Bomba la mita mia moja linalohudumia familia mia tano ni rahisi kulitunza, kwa kila familia, kuliko bomba la kilomita tano linalofuata nyumba zilizotawanyika. Gari la taka likisimama mara moja na kujaa limetumia mafuta kidogo. Muuguzi wa kliniki moja anafikiwa na maelfu kwa miguu. Jiji likiendelea kutambaa kuelekea Ruai na Kamulu, kila barabara mpya ni ya kutunzwa milele na watu wachache wa kuilipia.

Faida hizo zote zinategemea bomba la pale pale lipanuliwe kabla ya jengo kujaa. Ukipanua baada ya kufurika, unachimba barabara iliyojaa magari, unalipa fidia, na unafanya kazi usiku. Wakazi wa Rhapta Road huko Westlands, na wengine, wamefika hadi kortini kupinga majengo marefu. Wengi wao ninaowasikia hawachukii majirani wapya. Wanauliza kama bomba litabeba.

Mjenzi hawezi kulipia upanuzi huo?

Anaweza. Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019 inairuhusu kaunti kutoza ada ya uendelezaji kwa anayeomba kibali. Ninachotaka ni pesa hizo zitengwe kwa mtaa ulipojengwa jengo, zionekane kwenye ripoti, zisiingie kapu moja na kulipa mafuta ya magari. Lakini ni za mabomba na barabara, si za mishahara.

Na kukopa?

Kifungu cha 212 cha Katiba kinaruhusu kaunti kukopa ikiwa Serikali ya Kitaifa itatoa dhamana na bunge la kaunti likubali. Mkopo wa bomba la miaka hamsini unaeleweka. Mkopo wa mishahara hapana.

Mifumo ya kompyuta haitapunguza haja ya wafanyakazi?

Maombi ya ujenzi na malipo ya kaunti sasa yanafanyika mtandaoni, na hilo limepunguza foleni na bahasha za chini ya meza. Ila mfumo unapokea ramani. Hauendi kuangalia kama nondo zilizochorwa ndizo zilizowekwa.

Wewe ungepangaje?

Ningeanza na vibali. Kila jengo linaloidhinishwa leo litajaa watu baada ya miaka miwili au mitatu. Huo ni utabiri wa bure ambao kaunti inao mkononi. Jumlisha nyumba zilizoidhinishwa kwa kila wadi, kisha uulize: zikijaa, itahitajika safari ngapi za gari la taka, wahamasishaji wangapi wa afya, madarasa mangapi ya chekechea, wakaguzi wangapi. Weka jibu hilo kando ya orodha ya watakaostaafu. Tofauti iliyopo ndiyo mpango wa ajira, na iandikwe kwa shilingi ndani ya Taarifa ya Mkakati wa Fedha, kando ya makadirio ya reti. Leo idara ya mipango ina orodha ya vibali, bodi ya utumishi ina tarehe za kustaafu, hazina ya kaunti ina mapato, na vitu hivi vitatu haviwekwi kwenye meza moja.

Pili, ningekadiria thamani ya ardhi kila baada ya miaka michache, kwa hatua ndogo ndogo, na nafuu ya wazi kwa wazee wanaokaa kwenye nyumba zao wenyewe.

Mimi ni mpangaji tu. Reti inanihusu?

Inakuhusu mara mbili. Sehemu yake imo ndani ya kodi unayolipa, na huduma ikikosekana ni wewe unayelipa kijana wa taka, maji ya mtungi na lori la kunyonya majitaka. Una haki ya kusikilizwa kwenye bajeti hata kama huna hati ya ardhi.

Niende wapi, na lini?

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hupelekwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Taarifa ya Mkakati wa Fedha hufika Februari 28, na ndiyo muhimu kuliko zote kwa mambo ya ajira, kwa sababu hapo ndipo kila idara hupewa kikomo chake. Makadirio hufika Aprili 30, na yanapaswa kupitishwa kabla ya Juni 30. Watu hujitokeza Mei na Juni, wakati unga umekwisha kukandwa. Nenda Februari. Vikao hutangazwa magazetini na kwenye tovuti ya kaunti, mara nyingine siku chache tu kabla, kwa hiyo mjue mwakilishi wadi wako na umsumbue mapema. Andika hoja zako na utoe nakala mbili, moja igongwe muhuri.

Katika kikao cha mwisho nilichohudhuria, mama mmoja wa Pipeline alisimama baada ya wanaume sita kuongea kuhusu barabara. Alisema jengo lao lina milango 96, ameihesabu mwenyewe kutoka chini hadi juu, na akataka kujua ni mfanyakazi gani wa kaunti aliyepangiwa milango hiyo. Afisa aliyekuwa mbele alinyamaza kidogo, kisha akamwomba arudie namba ili aiandike. Imo kwenye kumbukumbu za kikao, ukurasa wa nne.